Maji Yakizidi Unga Kitaluni: Namna ya Kuokoa Miche Iliyozidishiwa Maji

Kila mwaka, mvua zinapokoma na baridi ya kipupwe kuanza kushuka kutoka Mlima Hanang, shughuli za vitalu hushika kasi katika Kata ya Endasak na kata jirani. Wenye bustani husia mbegu za nyanya, kabichi na vitunguu. Kaya, shule na vikundi hujaza viriba kwa ajili ya miche ya miti na matunda itakayopelekwa shambani mvua zitakaporejea, kuanzia Novemba au Desemba. Katikati ya nyakati hizo mbili ipo miezi mitano au sita ya ukavu, ambayo kila ndoo ya maji huwa na thamani yake.

Kwa kuwa maji ni adimu, mwenye kitalu huogopa kiu kuliko jambo lolote jingine. Hofu hiyo ina msingi, lakini ndiyo pia inayowafanya wengi wamwagilie kila asubuhi na kila jioni bila kuutazama udongo kwanza. Matokeo yake ni kwamba miche iliyoletewa maji kwa jasho jingi, mengine yakibebwa kwa punda na mengine yakilipiwa kwenye kituo cha kuchotea, huoza mizizi na kufa huku udongo wake ukiwa umelowa. Makala hii inaeleza sababu za hali hiyo, namna ya kuitambua mapema, hatua za kuokoa miche ambayo bado ina uhai, na utaratibu wa umwagiliaji utakaoizuia isijirudie.

Mche hunyaukaje ndani ya maji?

Tuchukue mfano wa mama mwenye viriba mia tano vya mgrevilea nyuma ya nyumba yake. Siku moja anaona majani yamelegea. Anachota ndoo na kumwagilia. Jioni majani yamelegea zaidi, naye anaongeza ndoo nyingine. Siku ya nne majani ya chini yamekuwa ya njano, naye anamwita Bwana Shamba. Mtaalamu hashiki jani. Anachomeka kidole kwenye kiriba, kisha anauliza:

"Mama, udongo huu ulikauka lini kwa mara ya mwisho?"

"Haujawahi kukauka, Bwana Shamba. Tangu nisie mbegu sijauacha ukauke hata siku moja."

Jibu hilo ndilo chanzo cha tatizo. Mizizi hainywi tu. Mizizi pia hupumua. Katika udongo mzuri kuna vinafasi vidogo kati ya chembe na chembe, baadhi vikibeba maji na vingine vikibeba hewa. Mtu akimwagilia kupita kiasi, vinafasi vyote hujaa maji na hewa hutoka. Oksijeni husafiri ndani ya maji kwa mwendo ulio pungufu takribani mara elfu kumi kuliko inavyosafiri katika hewa, kwa hiyo mizizi iliyozama huishiwa pumzi ndani ya muda mfupi. Mzizi uliokosa pumzi hukosa nguvu ya kufyonza maji. Hapo jani hulegea kwa kiu ya kweli, ilhali maji yamejaa chini yake. Anayeongeza maji wakati huo, kwa nia njema kabisa, huongeza chanzo cha ugonjwa.

Hali huwa mbaya zaidi kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, kama ule mweusi wa mbugani, kwa sababu vinafasi vyake ni vidogo na huachia maji polepole. Huwa mbaya pia kwenye viriba visivyotobolewa vya kutosha, na kwenye vile vilivyopangwa juu ya ardhi ngumu isiyopitisha maji.

Kiu au maji mengi: namna ya kutofautisha

Kwa kuwa jani hulegea katika hali zote mbili, jani pekee haliwezi kuwa shahidi wa kutosha. Chunguza mambo yafuatayo kabla ya kugusa ndoo:

1. *Udongo.* Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukitoka mkavu na wenye vumbi, mche una kiu. Ukitoka na tope, au udongo ukitoa harufu ya uvundo, mche umezidishiwa maji.

2. *Uzito.* Nyanyua kiriba. Kikavu huwa chepesi. Kilichojaa maji hulemea mkono. Baada ya siku chache mkono huzoea, na huwa kipimo cha haraka kuliko kidole.

3. *Majani.* Mche wenye kiu huwa na majani makavu yanayokatika kingoni. Mche uliozama huwa na majani ya chini ya njano, laini na mazito, na aghalabu huanguka yangali na unyevu.

4. *Uso wa udongo.* Utando wa kijani juu ya udongo ni dalili kwamba uso huo haupati nafasi ya kukauka.

5. *Wakati.* Kunyauka saa saba mchana katika jua kali kunaweza kuwa hali ya kawaida. Utazame mche alfajiri. Ukiwa umesimama, hauna tatizo kubwa. Ukiwa umelegea hata alfajiri, uchunguze mizizi.

Ili kuona mizizi, chagua mche mmoja ulio dhaifu, pasua kiriba chake taratibu na ukung'ute udongo. Kwa miche mingi mizizi hai ni myeupe au yenye rangi ya maziwa, na ni imara. Mizizi iliyokufa ni ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na ukiuvuta mmoja kwa vidole, ganda lake huvuka na kubakiza uzi mwembamba. Mche huo mmoja utakueleza hali ya jirani zake.

Hatua za kuokoa

Iwapo sehemu kubwa ya mizizi bado ni hai, miche inaweza kupona. Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

*Kwanza, acha kumwagilia.* Kwa mwenye kitalu hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu majani yatakuwa bado yamelegea. Vumilia. Usimwagilie hadi udongo wa juu, kina cha sentimita mbili hadi tatu, uwe mkavu.

*Pili, peleka miche kwenye kivuli chepesi chenye upepo mwanana.* Usiianike juani ili ikauke haraka. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kulipa deni la maji ambalo jua kali hulidai kutoka kwenye majani.

*Tatu, fungulia maji njia.* Ongeza matundu chini na ubavuni mwa kiriba kwa msumari. Inua viriba vikae juu ya changarawe, mchanga au fito zilizopangwa, maji yapate kutoka na hewa ipate kuingia. Kama miche iko kwenye tuta, chimba mfereji mdogo pembeni na utifue kwa uangalifu udongo ulioganda kati ya mistari.

*Nne, hamisha ile iliyoathirika sana.* Mche ambao takribani nusu ya mizizi imeoza hautapona katika tope lile lile. Utoe, kata mizizi iliyokufa kwa wembe au mkasi safi, kisha uupande kwenye kiriba kipya chenye mchanganyiko unaopitisha maji. Mchanganyiko unaofaa ni madebe matatu ya udongo wa juu wenye rutuba, mawili ya samadi iliyooza vizuri na moja la mchanga. Punguza baadhi ya majani ili mizizi michache iliyobaki isilemewe. Mwagilia kidogo mara moja tu, udongo ushikane na mizizi.

*Tano, usiweke mbolea ya dukani.* Chumvi zake huunguza mizizi michanga iliyojeruhiwa. Subiri hadi jani jipya lichipue. Hiyo ndiyo ishara kwamba mizizi imeanza kazi upya.

Majani yaliyokwisha kuwa ya njano hayatarudi kuwa ya kijani, na kuanguka kwake si sababu ya kukata tamaa. Kinachotazamwa ni kikonyo cha juu. Kikibaki kigumu na cha kijani kwa wiki moja hadi mbili, mche uko njiani kupona. Mche ambao mizizi yake yote imekuwa myeusi hauna tiba; uondoe ili usiwe chanzo cha ugonjwa kwa wenzake.

Kinyausi: pale ambapo dakika zina thamani

Kwa miche michanga ya nyanya, kabichi, pilipili na vitunguu, unyevu uliozidi huleta balaa jingine linaloitwa kinyausi. Vimelea vinavyoishi udongoni, vikiwemo vya makundi ya Pythium na Rhizoctonia, hushambulia shina pale linapokutana na ardhi. Shina hulowa, husinyaa na kuwa jembamba kama uzi, kisha mche huanguka ungali wa kijani. Asubuhi utaona duara dogo la miche iliyolala. Baada ya siku mbili duara hilo limepanuka.

Mche ulioanguka kwa kinyausi hauwezi kuinuliwa tena, hivyo nguvu zote zielekezwe kwa ile iliyosimama. Ng'oa iliyoanguka pamoja na ile inayoizunguka kwa upana wa kiganja, toa na udongo wake, na vitupwe mbali na kitalu. Punguza msongamano wa miche ili hewa ipite. Inua au punguza kivuli cha nyasi. Acha kumwagilia jioni, kwa sababu miche inayolala na maji huamka na ugonjwa. Kuhusu viuatilifu, usinunue kwa kukisia wala kwa kufuata rangi ya kopo la jirani; mwonyeshe Afisa Ugani mche mgonjwa, upate ushauri kabla ya kutumia fedha.

Wakulima wa parachichi nao wana sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Mparachichi ni miongoni mwa miti ya matunda isiyovumilia kabisa mizizi kusimama katika maji. Kimelea cha Phytophthora cinnamomi, kinachoozesha mizizi yake, ni adui wa zao hilo katika nchi nyingi linakolimwa, na hustawi katika udongo uliotuamisha maji. Mche uliotoka kitaluni na ugonjwa huo huupeleka ugonjwa shambani, ambako huweza kudumu kwa miaka.

Kumwagilia inavyostahili

Kanuni ya msingi ni moja: mche humwagiliwa kwa sababu udongo umekauka kiasi, si kwa sababu saa imefika. Chomeka kidole kwanza, ndipo uchote maji.

Mahitaji ya maji hubadilika kadiri mche unavyokua. Mbegu ambayo haijaota huhitaji uso wa udongo wenye unyevu mwepesi wakati wote. Nyunyiza kidogo kidogo kwa kopo lenye matundu madogo, mbegu zisifukuliwe. Baada ya kuota, ongeza nafasi kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, ili mizizi ielekee chini kuyafuata maji. Majuma matatu au manne kabla ya kupandikiza, punguza maji na kivuli hatua kwa hatua. Mche uliodekezwa kwa maji kila siku hustuka na kufa unapokutana na jua la shambani.

Mahitaji hubadilika pia kwa majira. Katika baridi ya Juni na Julai, jua huwa dhaifu na udongo hukauka polepole. Kiriba kinaweza kukaa siku mbili, tatu au zaidi bila kuhitaji tone. Ifikapo Septemba na Oktoba, jua na upepo mkavu hukausha kiriba kile kile kwa siku moja. Anayetumia ndoo zile zile kila siku kuanzia Juni hadi Oktoba atazamisha miche yake katika majira ya kwanza na kuiacha na kiu katika majira ya pili.

Mwagilia asubuhi na uelekeze maji kwenye udongo kuliko kwenye majani. Mwagilia hadi maji yaanze kuchuruzika chini ya kiriba, kisha acha kabisa. Kunyunyiza juu juu kila siku hulowesha uso tu: utando wa kijani huota juu huku mizizi ya chini ikibaki na kiu. Tuta nalo lilingane na majira: wakati wa kiangazi tumia jaruba lililodidimia kidogo lihifadhi maji, na wakati wa mvua tumia tuta lililoinuliwa liyatoe.

Hesabu ya ndoo

Kujua kiasi sahihi hakuhitaji chombo cha maabara. Chukua viriba kumi ambavyo udongo wake umekauka kiasi cha kuhitaji maji. Mimina maji polepole kwa kikombe unachokijua ujazo wake hadi yaanze kuchuruzika chini. Gawanya jumla ya maji uliyotumia kwa kumi. Hicho ndicho kipimo cha kiriba kimoja.

Tuseme umepata mililita 60. Viriba mia tano vitahitaji lita 30, yaani ndoo moja na nusu ya lita 20. Mwenye kitalu anayemwagilia kiasi hicho kila siku hutumia lita 900 katika siku 30. Kama kidole chake kingemweleza kwamba siku moja kwa mbili zinatosha, angetumia lita 450. Tofauti ni lita 450, takribani ndoo 22, au safari zinazokaribia sita za punda anayebeba madumu manne ya lita 20. Mwenye kitalu huyo angeokoa nguvu na fedha zake, na miche yake ingekuwa na afya bora zaidi.

Baada ya kupandikiza

Mche ukishafika shambani, mwagilia kwa kina na kwa nafasi badala ya kidogo kidogo kila siku. Tengeneza beseni la udongo kuuzunguka, weka matandazo ya nyasi kavu au mabua, lakini yaache mbali na shina kwa upana wa kiganja ili shina lisioze. Kwenye udongo mzito, usipande katika shimo litakalogeuka kuwa bwawa; inua udongo kidogo, mche ukae juu ya kichuguu chenye mteremko mwepesi.

Kwa miti michache ya matunda karibu na nyumba, chungu cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi, kilichofukiwa hadi shingoni kando ya mche na kufunikwa, huachia maji polepole kupitia ukuta wake. Udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, maji hutoka taratibu zaidi. Ukikauka, hutoka kwa wingi zaidi. Mbinu hii ilikwisha kuandikwa na Fan Shengzhi wa Uchina yapata miaka 2000 iliyopita, nayo haihitaji umeme wala bomba.

Mti unaohesabiwa ni ule ulio hai

Jambo hili halihusu bustani za nyumbani pekee. Serikali imeelekeza kila halmashauri kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kila mwaka. Wananchi wa Hanang wana sababu yao wenyewe ya kulitazama lengo hilo kwa uzito. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Miti peke yake haiwezi kuuzuia mlima usimeguke. Hata hivyo, mizizi yake hushika udongo wa juu, hupunguza kasi ya maji yanayoteremka na hulinda vyanzo vinavyotunywesha.

Lakini mti haufanyi kazi hiyo siku unapopandwa. Huifanya miaka mingi baadaye, ikiwa ulitoka kitaluni na mizizi mizima. Mche uliooza nusu ya mizizi huweza kuonekana wa kijani siku ya upandaji, ukahesabiwa, ukapigwa picha, na kufa kabla mvua hazijaisha. Kwa sababu hiyo, mwalimu, mwanafunzi au mama anayechomeka kidole kwenye kiriba mwezi Julai kabla ya kuinua ndoo anashiriki kuulinda mteremko ule sawa na yule anayechimba shimo mwezi Desemba.

Mwananchi mwenye kitalu kinachonyauka asisubiri hadi miche yote ianguke. Amwone Afisa Ugani wa kata au kijiji chake mapema, akiwa na mche mmoja mgonjwa na mmoja mzima, yote miwili ikiwa na udongo wake. Mtaalamu ataweza kuilinganisha mizizi na kutoa ushauri unaolingana na hali halisi. Na wakati akimsubiri mtaalamu, asiongeze maji.